Lori kuukuu mpakani: Tutengeneze au tununue jingine?

WAFANYABIASHARA wengi wa mpaka wa Rusizi wana lori ambalo umri wake unakaribiana na wa mtoto wao wa kwanza. Linafuka moshi, linakunywa oili, asubuhi ya baridi halitaki kuwaka, na bado ndilo linalolipa karo ya shule. Katika gereji za Kamembe na kwenye foleni ya Rusizi II swali ni lile lile: gari kama hilo litengenezwe, au liuzwe na kununuliwa jingine?

Swali hilo limenifika hata mimi. Ni mwalimu, lakini mshahara wa chaki una mwisho wake. Mwaka 2016 mimi, mke wangu na kaka yake tulichanga fedha tukanunua lori la dizeli la tani 5 lililokwisha kutumika. Shemeji ndiye dereva. Hupakia mchele wa Bugarama, vitunguu na viazi, akavishusha hapa Mururu karibu na mpaka, ambapo akina mama huvipokea na kuvivusha kwenda Bukavu. Lori likilala siku moja, kuna jiko linalokosa moto pande zote mbili za mto.

Katika kiangazi cha 2025 injini ilichoka. Kilima kilichokuwa kikipandwa kwa gia ya tatu sasa kilitaka ya kwanza, na moshi wa buluu ulitufuata kama mkia. Shemeji akasema bila kuzunguka: "Mwalimu, hili limekwisha. Tuweke hati ya shamba benki tununue jingine." Mke wangu akanyamaza. Shamba hilo ndilo tulilojengea nyumba tangu turudi, na hatuna jingine.

Anza na chasisi

Tulimwita fundi mmoja mzee wa Kamembe. Alikataa kutaja bei kabla ya kulala chini ya gari. Alisema injini hubadilishwa, gia boksi hubadilishwa, hata kabini hubadilishwa, lakini chasisi ndiyo uti wa mgongo. Aliigonga kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma, akichunguza zaidi sehemu zinaposhikwa springi, kwa kuwa nyufa huanzia hapo gari linapozidishiwa mzigo. Chasisi iliyoliwa na kutu au kuchomelewa mara nyingi haifai kubebeshwa injini mpya. Hiyo ni sawa na kuezeka bati jipya juu ya kuta zilizooza.

Chasisi yetu ilikuwa nzima. Ndipo akahamia kwenye injini. Moshi wenyewe, alieleza, huzungumza. Mweusi humaanisha dizeli ni nyingi kuliko hewa: huenda nozeli zimechoka au chujio la hewa limeziba. Wa buluu ni oili inayoungua, mara nyingi kwa sababu ringi za pistoni zimelika. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto ni dizeli isiyoungua, au maji yanayoingia kwenye silinda. Na oili ikigeuka rangi ya maziwa, usiliwashe tena gari hilo. Maji na oili vimekutana, na beringi za krenki shafti hazitadumu.

Alifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, pumzi ikatoka kwa nguvu. Akapima mgandamizo wa kila silinda peke yake. Kati ya silinda 4, mbili zilikuwa dhaifu. Pampu ya dizeli ilikuwa salama. Kwa pistoni, ringi, slivu, beringi, gasketi, nozeli, kuchonga krenki na ufundi, jumla ilikuja faranga 4,200,000.

Hesabu ya mwezi mbaya

Lori tulilotaka kununua liliuzwa faranga 24,000,000. Tungeuza la zamani kwa 4,000,000, tukaongeza akiba ya 2,000,000, na kukopa 18,000,000. Kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, mkopo wa miaka 4 ungetudai karibu faranga 529,000 kila mwezi, na hadi mwisho tungekuwa tumelipa zaidi ya milioni 25.

Lori likiwa zima hufanya safari kama 20 kwa mwezi. Baada ya dizeli, dereva na ushuru, kila safari hutuachia faranga 45,000, yaani 900,000 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo shemeji alikuwa na haki: deni lingelipika na chenji ingebaki. Lori jipya kwetu lingekunywa dizeli kidogo zaidi, na nyanya zisingeoza njiani.

Lakini hiyo ni hesabu ya mwezi mzuri, na msomaji anayeishi na mpaka anajua kwamba miezi si ndugu. Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya Korona. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, lakini akina mama wanaobeba vikapu walizuiwa. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda. Februari 2025 M23 waliingia Bukavu, benki za huko zikafunga milango, na mteja aliyezoea kulipa kwa dola akabaki na ahadi mkononi. Katika mwezi wa namna hiyo sisi tulifanya safari 8 tu. Mara 45,000, ni faranga 360,000. Kisha toa 529,000 za benki.

Hapo ndipo mjadala wetu ulipogeuka. Mkopo haujui kama mpaka umefungwa. Gharama ya matengenezo, kwa upande wake, hulipwa mara moja. Safari zikiwa 20, hurudi ndani ya miezi 5. Zikiwa 8, hurudi ndani ya mwaka, na katikati hapo hakuna anayebisha hodi kuulizia hati ya shamba.

Tulichojifunza uhamishoni

Nilisoma Karagwe, Tanzania. Katika miaka ya 1980 nchi hiyo ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na spea zilikuwa adimu ingawa kiwanda cha TAMCO kule Kibaha kilikuwa kikiunganisha malori ya Scania. Watu walitengeneza kila kitu, kwa kuwa hawakuwa na la kufanya. Baadhi yetu tuliporudi tulikuja na mkono huo wa kutotupa kitu. Wengine walirudi na kiu ya kitu kipya, kana kwamba lori linalong'aa ni cheti cha kufika nyumbani. Naielewa mikono yote miwili, ila hakuna kati yake inayojua kupiga hesabu.

Kuna wakati kubadilisha gari ndiyo busara. Kama chasisi imepasuka, kama spea hazipatikani tena, au kama kazi yako ni kupita msitu wa Nyungwe kwenda Huye na Kigali, ambako breki ikikosa kushika hakuna nafasi ya pili, uza. Magari ya biashara hapa Rwanda hukaguliwa na polisi kila miezi 6, na mwaka 2025 REMA ilianza kupima moshi pia. Lori linaloshindwa ukaguzi mara kwa mara hulipiwa bila kufanya kazi. Ukinunua, usidanganywe na bei ya lori la Kampala au Dar es Salaam lenye usukani wa kulia. Rwanda tunaendesha upande wa kulia, basi waulize kwanza Mamlaka ya Mapato (RRA) kama litakubaliwa, na ushuru na VAT ya asilimia 18 vitafikia kiasi gani.

Sisi tulitengeneza. Milioni 2 zilitoka kwenye akiba na 2,200,000 kwenye ikimina, upatu wetu wa mtaani. Shemeji alikubali kwa masharti aliyoyaandika mwenyewe: lori lisipite tena Nyungwe, lisizidishiwe tani 5, na kila safari itenge faranga 15,000 za kununulia jingine. Mwezi mzuri hutupa 300,000, mwezi mbaya 120,000. Siku chasisi itakapopasuka, halitachomelewa. Litauzwa kwa spea, na lijalo tutaliendea tukiwa na fedha mkononi na hati ya shamba ikiwa bado sandukuni.