Taabu na Raha za Kuandika Riwaya

Wapo miongoni mwetu wanaoamini kwamba riwaya ni kazi ya mtu asiyekuwa na kazi. Ndugu mmoja, mwenzangu katika chama na mtu ninayemheshimu sana, aliniuliza siku za karibuni mbele ya hadhara, kikao kimekwisha na chai inamiminwa, iwapo ni kweli kwamba kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikiandika hadithi ya kubuni. Nilipokiri, alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama aliyeambiwa kwamba nimeonekana nikicheza bao saa za kazi. "Na ripoti za tawi je?" akauliza. Ripoti za tawi, naomba nilitamke hapa ili lisomwe na wahusika wote, hazijapata kuchelewa.

Swali la ndugu huyo lilinikaa moyoni, kwa kuwa kama ipo nchi ambayo haifai kuidharau riwaya, basi ni visiwa hivi vyetu. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, hakuwa mtu asiyekuwa na kazi. Alikuwa mkaguzi katika idara ya afya, kisha akawa mhariri wa magazeti. Mtu huyo ndiye aliyeshinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957-58 kwa kitabu chake cha Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapwa mwaka 1960, na Bwana Msa wake na kiko chake akajulikana kotekote Kiswahili kisomwapo. Baada yake alikuja Mohamed Suleiman Mohamed na Kiu mwaka 1972 na Nyota ya Rehema mwaka 1976. Alikuja Said Ahmed Mohamed na Asali Chungu, Utengano na Dunia Mti Mkavu. Alikuja Adam Shafi na Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978, na mwaka uliofuata akatoa Kuli, ambamo mgomo wa wachukuzi wa bandarini wa mwaka 1948 umehifadhiwa kwa namna ambayo hakuna jalada la serikali lililoweza kuuhifadhi. Mwenye kutaka kujua baba zetu walibeba nini mabegani mwao, na kwa ujira gani, hana budi kuanzia hapo.

Mimi nilianza katika kiza. Wasomaji wa Unguja hawajasahau kwamba tarehe 10 Disemba 2009 umeme ulikatika, na haukurejea hadi mwezi wa Machi 2010, kwa hitilafu iliyotokea katika njia iuletayo kutoka Bara. Kwa muda wa karibu miezi mitatu tulichota maji visimani, tukasikiliza majenereta ya wenye uwezo, na baada ya sala ya Isha hapakuwa na la kufanya. Nilinunua daftari la kurasa mia mbili, nikawasha kandili, nikaanza.

Nilikusudia kuandika habari za Pemba ya utoto wangu, katika ile miaka ambayo bei ya karafuu ilikuwa imekwisha kuanguka. Indonesia, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake, ilipanda mikarafuu yake yenyewe hadi ikajitosheleza, na huku kwetu watu wakaamka wakakuta zao lililowajengea nyumba haliwezi tena kuwaezekea paa. Mtoto hayajui hayo. Nilichokijua mimi ni harufu ya majamvi uani, wanawake wakichambua karafuu na kutenga makonyo usiku, wakihesabu pishi zao kwa kunong'ona ili wasikosee, na mama akitutuma tuanue upesi kila wingu linapokusanyika. Kurasa arubaini za mwanzo ziliteremka kwa wiki tatu. Furaha ile naweza kumweleza tu mtu aliyepata kushua ngalawa akaona upepo umemkubali. Nilikuwa nikienda kazini asubuhi macho mekundu, na nikimwona mtu njiani namwangalia kwa siri, nikijiuliza kama pua yake haitamfaa mmoja wa watu wangu.

Umeme uliporejea, riwaya ikazimika.

Sikuelewa kwa nini. Nilizisoma upya zile kurasa kwa mwanga wa taa ya umeme, na nyingi zilikuwa mbovu. Nilimsomea mke wangu sura ya tatu. Alisikiliza hadi mwisho, maana ni mtu wa adabu, kisha akasema, "Bwana, hawa watu wako mbona wote wanazungumza kama wanaofungua mkutano?" Nikatazama. Mchumaji aliyekuwa juu ya mkarafuu, tawi limeanza kulia chini ya mguu wake, alikuwa akimwambia mwenzake kwamba ipo haja ya kuchukua tahadhari stahiki. Bibi kizee aliyefiwa na mwanawe alikuwa akitoa shukrani kwa wote waliofanikisha mazishi. Miaka mingi ya kuandika mihutasari ilikuwa imeingia katika damu, na kila nilipofungua kinywa cha mhusika, kilichotoka kilikuwa ni azimio.

Dawa yake ilikuwa kukaa kimya, jambo lililo gumu kwa mtu wa siasa. Nilikwenda barazani na kukaa na wanywa kahawa bila ya kutoa nasaha. Niligundua kwamba watu hawamalizi sentensi zao, na kwamba mtu mwenye jambo zito huanza kwa kuulizia habari za mbuzi. Nilirudi kwenye daftari nikakata. Na hapa namkumbuka mwalimu wangu wa chuoni, Mwenyezi Mungu amrehemu. Chuo nilichosomea mimi kilikuwa bado kinatumia mbao. Tuliandika kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, tukasoma hadi tukahifadhi, kisha tukauosha ubao tukaanza upya. Mtoto wa miaka saba hulia anapoona maandishi yake mazuri yakiondoka na maji. Mtu wa miaka thelathini na mitano hulia pia, lakini huwa amekwisha kuzoea.

Mwalimu huyohuyo ndiye aliyenitia wasiwasi mwingine, kwani alitufundisha kwamba uongo ni haramu hata wa mzaha, na riwaya, mtu akitaka kuwa mkali, ni uongo wa kurasa mia tatu. Nilipata kumwuliza mzee mmoja mwenye elimu. Aliniambia kwamba msikilizaji akijua tokea mwanzo kwamba anasimuliwa kisa, hakuna aliyedanganywa, na kwamba bibi zetu wote wangekuwa wakosaji kwa ngano walizotusimulia. Jibu lilinituliza kwa upande mmoja tu. Kwa sababu katika kitabu changu ilikuwemo sura moja ambayo haikuwa ya kubuni.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa mpima mizani katika kituo kimoja cha kununulia karafuu. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye baiskeli, na watoto wote tulimpenda. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipokuja kufahamu lile ambalo watu wazima walilijua siku zote: kwamba gunia la mkulima lilipofika mbele yake lilipungua kilo kadhaa, na kwamba kilo hizo zilipata mwenyewe mwingine. Niliyaandika hayo. Nilimpa jina jingine, nikamhamisha kijiji, nikamnyang'anya baiskeli. Nilimweleza mkulima akiona mizani ikipanda chini ya kiwango chake, na mpimaji, kwa mguu wake uliofichwa na kanzu, akiinua kidogo sahani ya mizani. Ilikuwa sura nzuri kupita zote. Nilipoimaliza nilijua hivyo, kama fundi anavyojua kwamba mlango umekaa.

Habari zikafika kwa jamaa. Niliitwa. Nyumba ilijaa wajomba na mashangazi, na hakuna aliyenigombeza; waliniuliza tu kama nimesahau nani aliyekuwa akinilipia sare ya skuli. Wiki hiyohiyo yule ndugu yangu wa chama, naye kwa nia njema kabisa, alinishauri kwamba haipendezi mtumishi wa umma kuonyeshwa katika kitabu akiwaibia wakulima, kwani wapo watu watakaokitumia. Nilifikiri kwa muda wa mwezi mmoja. Kisha nikaiondoa sura ile, nikaandika badala yake sura ya msimu wa mvua.

Muswada niliupeleka kwa mchapishaji mmoja wa Bara. Ilipita miaka miwili pasi na jibu. Nakala yangu ya mkono, niliyoiacha sandukuni, ililiwa na mchwa kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa tisini, na kurasa zilizobaki ziliganda kwa unyevu. Mwenye kuhifadhi karatasi katika visiwa hivi anajua kwamba ana maadui wawili wasiolala. Hatimaye bahasha ikarudi, pamoja na barua ya mistari mitatu. Mstari wa pili ulisema kwamba msomaji wao hakuweza kufahamu wakulima wa kitabu hiki wanalalamikia kitu gani.

Nilicheka, kisha sikucheka. Barua ile ilikuwa ya haki. Niliwaacha wale watu wakinung'unika kurasa mia mbili baada ya mimi mwenyewe kuwaondolea sababu.

Katika siku hizo nilimrudia Adam Shafi. Yeye alitiwa ndani baada ya kuuawa kwa Rais Karume Aprili 1972, na riwaya yake itokanayo na maisha ya gerezani, Haini, ilitoka mwaka 2003. Ni zaidi ya miaka thelathini. Sijifananishi naye hata kidogo. Mjomba mwenye mizani si gereza. Lakini nilijifunza kwamba kitabu chaweza kusubiri bila ya kufa, na kwamba Zanzibar ilikisoma kitabu kile na haikuanguka. Nchi ambayo ina haki ya kujivunia mgomo wa mwaka 1948 katika Kuli haiwezi kutaka kwamba tangu hapo kila kiongozi, kila karani na kila mpimaji awe malaika. Hili nawaambia ndugu zangu wa chama kwa unyenyekevu wote: mkulima aliyeibiwa anajua kwamba aliibiwa. Akikuta kitabu kinakaa kimya juu ya jambo hilo, atakachokidharau ni kitabu, na hapana shaka na sisi pia.

Na kwa kuwa ukurasa huu husomwa na wenye mamlaka, niseme na jambo jingine. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa visiwa hivi, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, tulifurahi na tukapongezana. Riwaya yake ya Paradise ilikuwa imetoka Uingereza tangu mwaka 1994; tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilitufikia mwaka 2022. Miaka ishirini na minane! Mwandishi anayeandika kwa Kiswahili naye ana shida yake: kitabu kisichotahiniwa skuli aghalabu hakinunuliwi, na mchapishaji analijua hilo kabla hajafungua bahasha. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, ni jambo jema mno, nami naliunga mkono. Hata hivyo tuzo humfaa aliyekwisha kumaliza. Kijana wa Micheweni au wa Mkoani anahitaji kwanza rafu moja ya vitabu anavyoweza kuvifikia kwa miguu, ndani yake zimo riwaya zilizoandikwa na watu wa kwao, ajue kwamba jambo hilo huwezekana. Gharama ya rafu hiyo haifikii gharama ya semina moja ya siku mbili, pamoja na chakula cha mchana.

Mwaka jana nilifunga safari kwenda Pemba. Mjomba alikwisha kufariki siku nyingi, na jamaa wengi walionikalisha kitako siku ile nao wametangulia. Amebaki mkaza mjomba, mtu mzima sana, macho yamepungua nuru lakini masikio yangali mazima. Nilimpa shikamoo, nikamwulizia afya, nikamwulizia mbuzi. Kisha nikamwambia kwamba nina sura moja ya kitabu, na kwamba akisema nisiitie, sitaitia.

Akaniambia nisome. Nilisoma yote, sauti ikinitetemeka kama ya mwanafunzi anayehitimu juzuu ya kwanza mbele ya wazee. Nilipofika kwenye mguu uliofichwa na kanzu, aliinua mkono.

"Hapo sipo, mwanangu," alisema. "Mjomba wako hakutia mguu. Mizani alikuwa akiisoma sawasawa, mbele ya kila mtu. Alikuwa akiandika pungufu. Wenyewe hawakujua kusoma stakabadhi, ilikuwaje ahangaike na mguu?"

Nikabaki na karatasi mkononi. Aliniuliza kama nitakula, akamwita mjukuu wake atie chungu motoni. Kisha akaendelea, kana kwamba ni habari ileile, kwamba daftari langu la kwanza nililokwendea skuli alininunulia yeye mjomba, na kwamba alinishika mkono akanifundisha kuandika jina langu pale pale barazani, jioni, akirudi kituoni.

Sura hiyo sasa naiandika kwa mara ya nne.