Kingamwili Isiyokinga: Neno, Maabara na Homa ya Matumbo Jijini Nairobi

Makala haya yanadhamiria kulichunguza neno moja, kingamwili, kwa kulifuata hadi mezani pa maabara. Muundo wake ni bayana: kinga na mwili. Hata hivyo, ipo kingamwili isiyomkinga mtu yeyote. Hukaa katika kichupa ndani ya jokofu, na kazi yake ni kumtambua bakteria.

Tutwae mfano wa homa ya matumbo, ambayo wakazi wengi wa Nairobi huiita taifodi. Utafiti uliofanywa Kibera na KEMRI pamoja na CDC, ukachapishwa mwaka 2012, ulikadiria visa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Visa hivyo vilithibitishwa kwa kuotesha damu: damu ya mgonjwa hutiwa katika chupa yenye lishe ili bakteria waliomo wazaane. Wakishaota, fundi huwakoroga kidogo katika tone la maji ya chumvi juu ya kioo, akaongeza tone la seramu yenye kingamwili. Kwa desturi seramu hiyo hupatikana kwa kumdunga sungura bakteria waliokwisha kuuawa. Iwapo bakteria ni yule anayetafutwa, mchanganyiko uliokuwa mweupe kama maziwa hukatika, ukafanya chembechembe zinazoonekana kwa macho. Sababu ni kwamba kingamwili ina mikono miwili; mmoja humshika bakteria huyu, wa pili humshika mwenzake.

Bakteria wa homa ya matumbo ana ujanja wake. Huvaa koti la sukari liitwalo Vi, ambalo laweza kuzificha alama zilizo chini yake. Basi fundi asipoona chembechembe huwachemsha bakteria, koti likavuka, kisha akarudia kipimo. (Tangu kazi ya Köhler na Milstein ya mwaka 1975, imewezekana pia kutengeneza kingamwili kutoka kizazi cha seli moja, yenye shabaha moja tu.)

Kipimo cha Widal, kilichoanzia Ufaransa mwaka 1896, huenda kinyume. Hapa kilichomo kichupani ni bakteria waliouawa, na kinachotafutwa ni kingamwili katika damu ya mgonjwa. Ni rahisi na cha haraka, ndiyo maana kimezoeleka katika zahanati ndogo. Lakini kingamwili hizo zaweza kuwa masalio ya maradhi ya zamani, au zikawa zimezushwa na jamaa wa bakteria huyo. Mgonjwa wa Kawangware mwenye homa nyingine huenda akaondoka na dawa za taifodi, na maradhi yake halisi yakabaki vilevile.

Vipimo vyote viwili huitwa "kupima taifodi". Ilhali sarufi yetu ina uwezo wa kuvitenganisha. Widal ni kupima kingamwili. Kile cha kioo ni kupima kwa kingamwili. Katika kirai cha kwanza kingamwili ni yambwa, katika cha pili ni ala. Wapo watakaopendekeza istilahi mpya kama "kitambuzi", lakini kwa maoni yetu neno hilo ni pana mno. Kauli ya kutendea yatosha: kama tusemavyo kisu cha kukatia, tuseme kingamwili ya kupimia. Nayo ile ya damuni ibaki kingamwili, bila kivumishi, kwa kuwa hiyo ndiyo hukinga.