Aya Moja, Sura Nzima

Biblia za waumini wengi wa Kampala zimechakaa mahali palepale: Zaburi ya 23, Yohana 3, Warumi 8. Kurasa za Mambo ya Nyakati bado zimegandana. Anayetaka kusoma kwa macho mapya aanzie huko, ila ajue mji huu umewahi kuona kinachotokea waumini wasio makasisi wakijisomea.

Biblia nzima ya Kiganda ilitoka mwaka 1896, kazi ya George Pilkington akishirikiana na Henry Wright Duta. Ilichapwa nene lakini yenye upana mdogo ili ienee kwenye mkebe wa biskuti, mchwa wasiifikie. Joswa Kate, mwenye cheo cha Mugema na chifu wa Busiro, aliyasoma Maandiko akaridhika kwamba anayemtegemea Mungu hana haja ya dawa. Mwaka 1914 yeye na mwalimu Malaki Musajjakawa wakaanzisha kanisa lao, na maelfu wakawafuata, ingawa Hospitali ya Mengo ilikuwa ikitibu watu tangu 1897. Wamisionari walimwona mkaidi. Kwangu mimi swali lake lilikuwa halali: kama Maandiko ni ya kila msomaji, nani aliamua aya zipi zichukuliwe zilivyo na zipi zifafanuliwe?

Tena aya za kumuunga mkono hazikosi. Katika 2 Mambo ya Nyakati 16:12, Mfalme Asa anaugua miguu, naye anawaendea matabibu badala ya Bwana. Ukiishia hapo, Kate ameshinda. Lakini anza aya ya kwanza. Asa anachota fedha na dhahabu ya hekalu ili kumnunua mfalme wa Shamu. Mwonaji Hanani anamkemea, naye anamtia gerezani, kisha anawaonea watu wake. Matabibu wanatajwa mwishoni kabisa, mfalme akiwa amekwisha kuegemea kila kitu isipokuwa Mungu. Na katika Wakolosai 4:14 Paulo anamtaja Luka, tabibu wake mpendwa, bila kuona haya yoyote.

Septemba 1929, waumini wawili, Simeon Nsibambi na Joe Church, walikaa na Biblia kwenye kilima cha Namirembe hapa Kampala, wakifuatilia kitabu baada ya kitabu yanayosemwa juu ya Roho Mtakatifu. Church, kwa taarifa yako, alikuwa daktari wa Gahini, Rwanda. Uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, ulipata moto mwingi hapo. Kukusanya aya za jambo moja, basi, si kosa. Shida huja aya ikishang'olewa kwenye sura yake.

Kwa hiyo acha kwanza marejeo ya pembeni na maelezo ya chini. Soma Marko yote kwa mkao mmoja. Ina sura 16 tu. Kila penye neno zito, uliza nani anasema, anamwambia nani, na nini kimetokea kabla. Ukishafika kwenye uamuzi unaogusa mwili wako au fedha zako, mpelekee mtu asiyesali nawe, Mkatoliki wa Rubaga kama wewe ni Mwanglikana wa Namirembe, umwombe akuonyeshe aya uliyoiruka.