Neno Zito Hupitia Kwenye Shairi

Tukitembelea vikundi, hakosi mtu wa kutuuliza: "Haya mashairi mnayotuletea yatatusaidia nini? Yatachimba kisima?" Swali la haki. Hayachimbi. Lakini vikundi vingi tumeviona vikivunjika na jembe lipo na pesa zipo. Kulikuwa na neno moja ambalo kila mtu alilijua, na hakuna aliyethubutu kulisema mbele ya mwenyekiti.

Mombasa wana njia yao ya zamani ya kulisema neno kama hilo. Pale Mji wa Kale, Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, alitunga juu ya ugomvi wa Wamazrui na Sayyid Said wa Oman, na pia juu ya mapenzi, biashara na ufukara. Yaani mambo ya barazani. Tungo zake zilikaa vinywani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor wakazikusanya.

Sasa tuje karibu. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa wa miaka 22, Abdilatif Abdalla, aliandika karatasi iliyoitwa "Kenya: Twendapi?" Aliilaumu serikali waziwazi kwa kukikandamiza chama cha upinzani, KPU. Akafungwa miaka mitatu, mpaka 1972. Humo gerezani akatunga mashairi, akiyaandika kwenye karatasi za chooni! Yalichapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Hebu fikirini, ndugu zetu: tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga.

Karatasi ilimpeleka jela, shairi likapewa zawadi, na mtu ni huyo huyo. Kwa nini? Someni lile la mnazi. Ndugu wawili wanagombana: mmoja yuko juu mnazini, mwenzake yuko chini anamwambia ateremke, naye ana haki. Kila mmoja anapewa nafasi ya kusema. Wengi wamesoma kwamba mnazi ni nchi, lakini hakuna aliyetajwa jina. Anayesikia anajipima mwenyewe.

Basi nanyi mnaweza. Ubeti wa kawaida una mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, vina katikati na mwishoni. Msihangaike sana na hesabu mwanzoni. La muhimu ni desturi ya kujibizana: anayeguswa hujibu kwa shairi, akifuata vina vile vile. Mwenyekiti naye ana haki ya kujibu, tena apewe muda. Msitaje mtu. Ila fumbo lisiwe zito mno, maana lisipoeleweka kazi imepotea, na likiwa la kutukanana ni afadhali mngenyamaza.

Kama hamna mtunzi, anzeni na huo mnazi. Mmoja asimame juu ya kiti, mwingine akae chini, wasome kwa kupokezana. Halafu badilishaneni nafasi, wa chini apande. Kisha ulizaneni polepole: hapa kwetu mnazi ni nini? Ni bomba la maji, ni shamba la kikundi, au ni lile daftari la hesabu ambalo tangu mwaka jana linalala nyumbani kwa mtu mmoja?