Hamu ya michezo ya zamani: Inapokujenga na inapokuumiza

JE, msomaji, umewahi kuona tangazo la zamani la mashine ya michezo ya video, pengine katika jarida lililochakaa, ukahisi moyo ukikupiga? Ghafla unarudi sebuleni kwa jirani, yule ambaye peke yake mtaani alikuwa na mashine hiyo. Unawaona watoto wameketi sakafuni wakingoja zamu. Unasikia mlio wa Mario akiruka. Kisha unajiuliza: mimi ni mtu mzima mwenye kodi na karo za kulipa, mbona picha ya kidude cha plastiki initie machozi?

Watu wengi huona haya kulisema jambo hili. Baadhi hudhani ni utoto, na wengine huhofu kwamba wameanza kuugua. Ukweli ni kwamba hisia hiyo inajulikana vyema na wataalamu wa afya ya akili. Ina manufaa yake, na ina madhara yake pia usipoiangalia.

Zamani ilihesabiwa ugonjwa

Mwaka wa 1688, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johannes Hofer, katika mji wa Basel, Uswisi, aliandika juu ya ugonjwa aliouita nostalgia. Jina hilo alilitunga kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurudi nyumbani na jingine la maumivu. Alieleza habari za kijana kutoka Bern aliyekuwa akisoma Basel, ambaye alidhoofika hata akakaribia kufa. Alipoanza safari ya kurudishwa kwao, nguvu zilimrudia. Kwa muda wa miaka mingi baadaye madaktari waliendelea kuihesabu hali hiyo kuwa maradhi. Hata katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, madaktari wa jeshi waliiandika katika orodha ya magonjwa ya askari.

Siku hizi maoni yamebadilika. Katika lugha yetu tunaweza kuiita hamu ya kale. Mwaka wa 2006 watafiti Tim Wildschut na Constantine Sedikides wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, pamoja na wenzao, walitoa matokeo ya uchunguzi wao kuhusu hamu hii. Waligundua kwamba mara nyingi humjia mtu anapokuwa na huzuni au upweke. Waligundua vilevile kwamba baada ya kukumbuka, mtu hujiona anapendwa zaidi, ana thamani zaidi, na yu karibu zaidi na watu wake. Kwa hivyo hamu hii yenyewe si maradhi. Ni mojawapo ya njia ambazo akili hutumia kujiliwaza.

Kwa nini mashine hizo hasa?

Huenda ukauliza: mbona nikumbuke mashine na nisikumbuke vitu vya mwaka jana? Wataalamu wa kumbukumbu wanasema kwamba watu wazima hukumbuka zaidi mambo yaliyowapata tangu wakiwa na umri wa miaka 10 hivi hadi 30. Huo ndio wakati ambapo mengi hutokea kwa mara ya kwanza, na la kwanza halisahauliki upesi.

Sasa tazama tarehe. Mashine ya Famicom ya kampuni ya Nintendo ilianza kuuzwa Japani mwaka wa 1983. Game Boy, ile ya kushikwa mkononi, ilitoka 1989. PlayStation ilifuata Desemba 1994. Mtu aliyezaliwa kati ya 1975 na 1985 alizikuta mashine hizi akiwa katika umri uleule ambao akili hunasa mambo kwa nguvu. Leo mtu huyo ana miaka arobaini na zaidi. Ana mzigo wa kazi, wazazi wake wamezeeka, na marafiki wa zamani wametawanyika. Si ajabu akitamani sebule ile.

Matangazo yalivyotushika

Matangazo nayo yalifanya kazi yake. Miaka ya mwisho ya 1970, kaseti za mashine ya Atari 2600 ziliuzwa katika masanduku yenye michoro ya kuvutia ya vyombo vya angani, mazimwi na mashujaa. Lakini ukiiwasha runinga uliona vipande vidogo vya miraba vikisogea. Mtoto ndiye aliyejaza pengo lililobaki kwa mawazo yake. Ndiyo sababu mtu akiirudia kaseti hiyo leo hushangaa na kusema, "Mbona nilikumbuka ilikuwa nzuri zaidi?" Alichokumbuka ni ule mchoro wa sandukuni pamoja na mawazo yake mwenyewe.

Biashara ya michezo hii ilipoporomoka Marekani mwaka wa 1983, wenye maduka hawakutaka tena kusikia habari zake. Nintendo ilipoingia huko mwaka wa 1985 iliuza mashine yake pamoja na roboti mdogo aliyeitwa R.O.B., ili ionekane kuwa kitu cha kuchezea cha kawaida. Mnamo 1990 kampuni ya Sega nayo ilitangaza Marekani kwamba mashine yake ya Genesis hufanya kile Nintendo isichoweza. Watoto shuleni wakagawanyika makundi mawili kama mashabiki wa soka. Tangazo halikuuza mashine tu, bali pia lilimwambia mtoto yeye ni nani na wenzake ni akina nani. Mambo ya namna hiyo hukaa moyoni.

Hata hivyo, msomaji, usiamini kila unachokumbuka. Mwaka wa 2002 watafiti Kathryn Braun, Rhiannon Ellis na Elizabeth Loftus walieleza jaribio moja la kustaajabisha. Waliwaonyesha watu tangazo la bustani ya Disney lenye picha ya sungura Bugs Bunny. Baadaye baadhi ya watu hao waliamini kwamba walipokuwa watoto walimsalimia sungura huyo kwa mkono katika bustani hiyo. Hilo haliwezekani kamwe, kwa kuwa Bugs Bunny ni wa kampuni nyingine, Warner Bros. Funzo ni kwamba tangazo linaweza kuingia ndani ya kumbukumbu za mtu na kuzigeuza. Utoto unaoulilia huenda kwa kiasi fulani ulichorwa na muuzaji.

Chunga mfuko wako

Wafanyabiashara wanalijua hili. Mwaka wa 2014 watafiti Jannine Lasaleta, Constantine Sedikides na Kathleen Vohs walionyesha kwamba mtu aliyejawa na hamu ya kale huwa tayari zaidi kutoa pesa zake. Miaka miwili baadaye, 2016, Nintendo ilitoa upya mashine yake ya zamani kwa umbo dogo, ikiwa na michezo 30 ndani yake. Sega ilifuata 2019, na Atari 2023.

Kununua si kosa. Lakini ikiwa unaona unanunua usiku, unamficha mwenzio bei, au unagusa pesa za karo, ngoja siku tatu kabla ya kulipa. Mara nyingi hamu huwa imepoa. Kumbuka pia kwamba mashine kuukuu kutoka Japani hutumia umeme wa volti 100, na za Marekani volti 120. Umeme wetu ni wa volti 240. Ukiichomeka moja kwa moja inaweza kuungua, na huenda ikawasha moto. Runinga zile za zamani zenye mgongo mkubwa usizifungue kamwe, kwani ndani yake umeme wa maelfu ya volti huweza kubaki hata baada ya kuzimwa.

Mwili nao haujasahau

Mwaka wa 1990, daktari Richard Brasington aliandika katika jarida la udaktari la New England kuhusu mama wa miaka 35 aliyepata maumivu makali ya kidole gumba. Mama huyo alikuwa amecheza Nintendo saa tano mfululizo. Kano za kidole chake zilikuwa zimechoka kwa kubonyeza kitufe tena na tena. Alikuwa mtu mzima wala si mtoto, nawe unayerudia michezo hii ukiwa na miaka arobaini kumbuka kwamba kano zako si za miaka kumi na mbili. Pumzika kila baada ya nusu saa. Simama, nyoosha vidole, tazama mbali ili macho yapumzike. Maumivu yakizidi siku chache, mwone daktari.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni kifafa. Kati ya watu 100 wenye kifafa, takriban 3 hushikwa wakiona mwanga unaomwekamweka. Wengi wao ni watoto na vijana. Desemba 16, 1997, huko Japani, watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitalini baada ya kutazama kipindi cha katuni za Pokémon kilichokuwa na mmweko wa rangi nyekundu na buluu. Baadhi yao hawakuwa wamewahi kuanguka kifafa. Ndiyo maana vitabu vya maelezo ya michezo ya video huwa na onyo juu ya jambo hili. Wengi wetu tulilipita bila kulisoma.

Runinga za zamani huongeza hatari hiyo, kwa sababu kioo chake humweka mara 50 kwa sekunde katika nchi kama yetu, na mtu akikaa karibu humfikia kwa nguvu zaidi. Vioo vipya vilivyo bapa havimweki hivyo, lakini picha za mchezo wenyewe bado zaweza kumweka. Basi ukitaka kumwonyesha mwanao mchezo wa utoto wako, fanya haya:

Keti mbali na kioo, angalau mita mbili kwa runinga ya zamani. Acha taa ya chumbani ikiwaka. Usimruhusu acheze akiwa hakulala vya kutosha. Akisema anaona kizunguzungu au viungo vinamrukaruka, mwambie afunike jicho moja kabisa kwa kiganja na ageuze uso. Kisha zimeni mchezo.

Akianguka, usitie kijiko wala kitu chochote kinywani mwake, na usimkandamize. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu naye, weka nguo laini chini ya kichwa, na mtetemeko ukipungua mlaze ubavu. Tazama saa. Ukipita muda wa dakika tano, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, mpeleke hospitali. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala povu, na si uchawi. Ni maradhi ya ubongo yenye dawa.

Hamu inapogeuka maradhi

Utajuaje kwamba hamu yako imevuka mpaka? Jiulize maswali haya. Baada ya kukumbuka, je, unawapigia simu marafiki wa zamani, au unajifungia chumbani? Je, unacheka, au unabaki ukisema maisha yako yaliisha zamani? Ikiwa kwa majuma mawili au zaidi huna furaha na lolote la leo, usingizi umepotea au umezidi, na chakula hakina ladha, hiyo huenda si hamu ya kale tena. Huenda ni sonona, nayo hutibiwa. Usingoje. Zungumza na daktari au mshauri.

Tangu Januari 2022, mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unatambua pia uraibu wa michezo ya video. Dalili zake ni tatu: mtu hushindwa kujizuia, mchezo hutangulia mambo mengine yote maishani, na huendelea kucheza hata anapoona madhara. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12. Kucheza Jumamosi jioni na watoto wako si uraibu.

Itumie kama dawa

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Lakini dhahabu katika kumbukumbu zako si ile mashine. Jaribu kutaja mchezo mmoja unaoukumbuka, kisha utaje uliocheza nao. Karibu kila mara utawataja watu: kaka aliyekushinda, rafiki aliyekuazima kaseti, jirani aliyewafungulia mlango watoto wa mtaa mzima bila kudai kitu.

Kwa hivyo, hamu ikikujia jioni hii, usiione aibu. Kabla ya kutafuta mashine ya kununua, mtafute mtu mmoja kati ya hao. Mpigie, muulize kama anakumbuka. Na ikiwa mashine unayo tayari, washa taa, vuta kiti nyuma, umkaribishe mtoto wa jirani. Miaka thelathini ijayo naye atakuwa na sebule ya kukumbuka.