Nitrojeni kwenye tairi: pima upepo kabla ya kulipa

Ukienda kubadili matairi mjini siku hizi, huenda fundi akakuuliza: "Bosi, tujaze upepo wa kawaida au nitrojeni?" Nitrojeni hulipiwa kwa kila tairi, na mara nyingi valvu huvalishwa kifuniko cha kijani. Je, inastahili pesa hiyo?

Hewa tunayovuta ina asilimia 78 ya nitrojeni. Kwa hiyo tairi lililojazwa kwa kompresa tayari lina gesi hiyo kwa zaidi ya robo tatu. Unacholipia hasa ni kupunguziwa oksijeni na unyevu.

Kwenye ndege, hilo ni suala la uhai. Machi 31, 1986, Boeing 727 ya Mexicana ilianguka milimani nchini Mexico na kuua watu 167. Breki ilipata moto kupita kiasi, na tairi lililojazwa hewa ya kawaida badala ya nitrojeni likalipuka ndege ikiwa angani. Gari la familia halifiki huko.

Faida kwa gari dogo ipo, ila ni ndogo. Jarida la Consumer Reports la Marekani lilijaribu aina 31 za matairi, yote yakiwa na psi 30, yakaachwa nje mwaka mzima. Ya hewa yalipungua psi 3.5, ya nitrojeni, psi 2.2. Yote yalihitaji kuongezwa upepo.

Tena, nitrojeni haizuii msumari, wala haizibi valvu inayovuja. Fundi mzoefu hupaka mate kwenye ncha ya valvu: povu likitoka, upepo unatoroka, uwe wa bure au wa kulipia.

Hatari kubwa barabarani ni tairi lenye upepo pungufu. Gari likijaa abiria na mizigo kwenye lami ya moto, kuta za tairi hujikunja kila mzunguko, zinachemka, nyuzi za ndani zinaachia, tairi linapasuka.

Ukipewa nitrojeni bure, ipokee. Ikipungua, ongeza upepo wa kawaida bila wasiwasi. Lakini kama ni ya kulipia, pesa hiyo nunua geji. Pima kila mwezi, asubuhi kabla gari halijatembea, ukifuata kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Na tairi la akiba usilisahau.