Miaka Isiyo na Mwajiri: Kuomba Kazi ya Kwanza ya Lori Marekani

Fomu ya kuomba udereva wa lori Marekani haifanani na ile uliyojaza ghalani au kwenye kiwanda cha nyama. Kule walitaka jina, simu, na siku unayoweza kuanza. Hapa unaulizwa umeishi wapi, umefanya kazi kwa nani, uliacha lini na kwa nini, mwezi baada ya mwezi, na kampuni nyingi zinataka miaka 10 yote. Mtu aliyefika Iowa au Texas mwaka 2019 akitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akapita viwanda vitatu, akabeba abiria kwa gari lake, kisha akakaa nyumbani kulea mtoto, anaitazama fomu hiyo na mkono unasita. Wengi huishia hapo. Wengine hufanya jambo baya zaidi: wanaanza kutunga.

Kazi yangu ni kuwaandaa watu kwa fomu hizi, na kabla ya lolote huwaambia hivi: pengo lililoelezwa hupita, pengo lililozibwa kwa uongo hukuangusha. Udereva wa lori ni kati ya kazi chache nchini humu ambazo sheria yenyewe inamlazimisha mwajiri kuchunguza ulikotoka. Ukijibunia mwajiri, kuna mtu analipwa kumpigia simu.

Tuanze na sheria, maana wengi wanaogopa zaidi ya inavyotaka. Kanuni ya shirikisho namba 391.21 inamtaka mwombaji aorodheshe waajiri wake wa miaka 3 iliyopita, tarehe za kuanza na kuacha, na sababu ya kuacha. Kama gari atakaloendesha linahitaji CDL, yaani leseni ya udereva wa magari makubwa ya biashara, anaongeza miaka 7 mingine. Lakini katika hiyo miaka 7 ya nyuma, kinachotakiwa kisheria ni waajiri aliowaendeshea magari ya biashara tu. Mgeni ambaye hajawahi kushika usukani wa lori ana miaka 3 ya kuandika. Kampuni zinazouliza kila kitu kwa miaka 10 zinafanya hivyo kwa utaratibu wao wenyewe, na ukitaka kazi kwao utawajibu, ila ujue kwamba jicho kali linaangalia ile miaka 3 ya karibuni. Chini ya fomu unaweka saini kuthibitisha kwamba uliyoandika ni kweli na yamekamilika. Saini hiyo inakaa kwenye faili lako kwa muda wote utakaokuwa hapo.

Kwa nini ukali wote huu? Lori lililojaa linaruhusiwa kufika pauni 80,000, zaidi kidogo ya tani 36. Kampuni inayobeba mizigo ya kawaida kutoka jimbo hadi jimbo inatakiwa iwe na bima ya dhima isiyopungua dola 750,000, na kesi ya kifo inaweza kupita kiasi hicho mara nyingi. Ajali ikitokea, kitu cha kwanza atakachodai wakili wa familia ya marehemu ni faili la dereva. Akikuta kampuni ilimwajiri mtu bila kumchunguza, anaishtaki kampuni kwa uzembe wa kuajiri, mbali na kosa la dereva barabarani. Basi yule dada wa ofisini anayekuuliza ulikuwa wapi Machi 2023 hana nia ya kukudhalilisha. Anajaza karatasi ambayo huenda siku moja ikasomwa mbele ya jaji.

Bima hiyo hiyo inaeleza jambo linaloleta ugomvi kwenye familia zetu. Binamu yako ana malori mawili Columbus au Louisville, umepata CDL juzi, na bado anakwambia usubiri. Usimkasirikie. Kampuni za bima mara nyingi hukataa, au hutoza bei isiyobebeka, pale mwenye malori machache anapotaka kumwandika dereva asiye na miaka 2 ya uzoefu. Kwa hiyo mlango wa kwanza kwa watu wengi ni kampuni kubwa zinazofundisha wageni, kama Roehl ya Wisconsin, Prime ya Springfield, Missouri, au CRST ya Cedar Rapids. Hizo zimezoea kupokea watu ambao historia zao zina mashimo.

Sasa tuijenge historia. Usitegemee kumbukumbu. Ingia kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi, IRS, ufungue akaunti, uombe taarifa ya mishahara na mapato. Ni bure, na inaonyesha kila mwajiri aliyepeleka fomu ya W-2 (ya mshahara) au 1099 (ya kazi ya kujitegemea) kwa jina lako kwa karibu miaka 10. Watu hukuta humo waajiri waliowasahau kabisa. Taarifa hiyo haina miezi ya kuanza na kuacha, kwa hiyo weka kando yake hati za malipo, taarifa za benki, na ujumbe wa simu wa siku zile, uoanishe.

Kuna mtego hapa unaowanasa watu wetu kila wiki. Ulifanya kazi ghala la kampuni fulani maarufu, ulivaa fulana yake, kila mtu alijua uko pale. Lakini aliyekulipa ni wakala wa vibarua. Ukiandika jina la ghala, mchunguzi atapiga simu na kujibiwa kwamba hawakujui. Kwake, umedanganya. Andika jina lililo kwenye W-2, yaani la wakala, kisha uongeze kwamba ulipangiwa ghala fulani. Angalia pia mpangilio wa majina. Mkimbizi aliyeandikishwa na jina la ukoo mbele kwenye karatasi moja na nyuma kwenye nyingine anatafutwa asionekane. Kama umewahi kuandikwa kwa majina mawili, yataje yote mawili pale fomu inapouliza majina mengine.

Miaka ya kambini ndiyo inayowatia watu wetu aibu, na sioni sababu ya aibu hiyo. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea Wakongo waliokimbia vita, na sera ya Tanzania iliwazuia wakimbizi kutoka kambini kwenda kutafuta ajira. Hiyo ni sababu halali na inaandikika kwa mstari mmoja: “Juni 2016 hadi Septemba 2019, kambi ya wakimbizi Nyarugusu, Tanzania, sikuruhusiwa kuajiriwa nje ya kambi.” Kama ulifundisha shule ya kambi au ulikuwa kibarua wa posho wa shirika, iandike kama kazi na utaje shirika. Hati ya safari uliyopewa ulipokuja na barua za makazi mapya zinathibitisha tarehe, kwa hiyo tafuta nakala zake. Aliyeendesha lori Dar es Salaam hadi Lubumbashi naye aandike hivyo, pamoja na jina la tajiri wake, hata kama simu ya tajiri haipatikani tena. Uzoefu huo hautamwondolea shule wala mtihani, ila fomu imeuliza juu ya magari ya biashara, na jibu la kweli ni ndiyo.

Mapengo mengine yanafuata njia ile ile: mwezi wa kuanza, mwezi wa kuisha, sababu kwa maneno machache. Ulikuwa mgonjwa, ulilea watoto, ulimuuguza mzazi, ulikuwa shule ya Kiingereza, ulitafuta kazi. Hutakiwi kusimulia. Uliyebeba abiria au chakula kwa programu za simu, hiyo ni kazi ya kujitegemea, na fomu za 1099 na ritani zako za kodi ndizo ushahidi. Uliyelipwa mkononi bila karatasi, andika kazi na umwombe mwenye kazi barua. Na kama mapato hayo hayakuwahi kutangazwa kwenye kodi, mwone mtayarishaji wa kodi kabla ya kuanza maombi. Aliyekaa jela aseme, kwa sababu rekodi za mahakama ni rahisi kuzipata kuliko unavyodhani, na kampuni kadhaa zinaajiri waliotoka baada ya muda fulani.

Gumu zaidi kuliko pengo, kwa maoni yangu, ni kuhamahama. Kazi nane kwa miaka miwili zinamwambia mwajiri kwamba atakufundisha kwa gharama zake na baada ya miezi mitatu utakuwa umeondoka. Hapa maelezo peke yake hayatoshi. Namshauri mtu wa namna hiyo atafute kazi moja, hata ya zamu ya usiku, akae nayo miezi sita bila kukosa, huku akijisomea mwongozo wa CDL wa jimbo lake. Miezi sita ni mirefu kwa mwenye kodi ya nyumba na watoto wanne, najua. Lakini meneja mmoja anayepokea simu na kusema “anafika kwa wakati” ana uzito kuliko barua ndefu ya kujieleza.

Kuna mambo yanayofunga mlango kweli, na ni bora kuyajua kabla ya kulipa ada. Bangi ni la kwanza. Hata kama jimbo lako limeihalalisha, sheria ya shirikisho kwa madereva haijali, na ukishindwa kipimo jina lako linaingia kwenye hifadhidata ya taifa ya dawa za kulevya na pombe iliyoanza kazi tarehe 6 Januari 2020. Rekodi hiyo hudumu miaka 5 au zaidi, hadi umalize utaratibu wa kurejea kazini, na kila mwajiri lazima aitazame kabla hajakukabidhi usukani. La pili ni Kiingereza. Tangu tarehe 25 Juni 2025, dereva asiyeweza kujibu maswali ya mkaguzi au kusoma alama za barabarani anasimamishwa kuendesha papo hapo. Fanya mazoezi ya mazungumzo ya ukaguzi kwa sauti: unatoka wapi, umebeba nini, breki ulizikagua lini. La tatu ni hati za ukaaji. Raia na mwenye kadi ya kijani hupata CDL ya kawaida. Ila tangu Septemba 2025 serikali imetoa kanuni za kuwabana wenye vibali vya kazi peke yake, wakiwemo wakimbizi ambao bado hawana kadi ya kijani, na kanuni hizo zimepingwa mahakamani. Mkimbizi anaweza kuomba kadi hiyo akitimiza mwaka mmoja nchini, na nasaha yangu ni aiombe mapema. Nenda ofisi ya leseni ya jimbo lako, uulize kwa hati zako mwenyewe, ndipo ulipie shule. Na kuvuka mpaka wa jimbo na mzigo kunahitaji umri wa miaka 21.

Shule yenyewe, tangu tarehe 7 Februari 2022, lazima iwe kwenye orodha ya serikali ya watoa mafunzo; isipokuwemo hutaruhusiwa kufanya mtihani. Gharama ni dola elfu kadhaa. Ofisi za ajira za serikali zina fedha za mafunzo zinazoweza kulipa ada yote kwa mwenye kipato kidogo, na watu wetu hawaziombi vya kutosha. Njia nyingine ni kampuni kukusomesha kwa mkataba wa kuitumikia mwaka mmoja hivi. Soma ukurasa unaosema utadaiwa nini ukiondoka mapema. Na mtu akikuletea mpango wa kukodi lori huku ukilinunua kabla hata hujamaliza mwaka wa kwanza, kataa. Jopo lililoundwa na serikali kuchunguza mikataba hiyo lilipendekeza Januari 2025 ipigwe marufuku, kwa jinsi ilivyowaacha madereva na madeni bila lori.

Ukishaajiriwa, ujue kuna ripoti ya kazi iitwayo DAC, inayohifadhiwa na kampuni ya HireRight, ambamo waajiri huandika ulivyoondoka kwao. Una haki ya nakala ya bure mara moja kila miezi 12, na haki ya kupinga kilichoandikwa vibaya. Kwa kawaida HireRight lazima ikichunguze ndani ya siku 30. Neno linaloumiza kuliko yote humo ni kwamba ulitelekeza gari. Hata ukigombana na msimamizi ukiwa Nebraska saa nane usiku, rudisha lori kwenye yadi ya kampuni, lipige picha pande zote, mkabidhi mtu funguo, na uondoke na saini yake mkononi.